Karabai Katika Migomba

Desemba iliyopita nilialikwa kwenye harusi ya mtoto wa jirani yetu wa zamani, katika ukumbi mmoja pale Moshi mjini, si mbali na hospitali ya Mawenzi. Mimi ni wa kizazi kinachoamini kwamba kadi ikisema saa kumi na mbili basi ni saa kumi na mbili, kwa hiyo nilikuta ukumbi mtupu, wapishi bado wanapanga masufuria, na mama mmoja mnene wa kitenge cha zambarau amekaa peke yake meza ya nyuma. Alikuwa amechomoa ua jeupe kwenye chombo cha katikati ya meza, amelipindua kichwa chini, anachungulia migongo ya majani kama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Nilimjua kabla hajainua uso. Watu wanaoangalia ua kwa nyuma ni wachache, nami ni mmoja wao. Nikamsogelea nikamwambia, "Dada Fausta, shikamoo." Akaitikia marahaba bila hata kushtuka, akanionyesha jani, akasema lile ua lina kutu nyeupe, aliyelikuza alikuwa anamwagilia jioni. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka ishirini. Bibi harusi alipoingia hatukumwona vizuri, maana tulikuwa tumeshaanza kucheka, na nilirudi nyumbani na mwaka mmoja mzima kichwani.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini. Huku mlimani watu walikuwa wameanza kung'oa mibuni waziwazi, kitu ambacho zamani ungekifanya kwa kujificha, na kila aliyetoka mjini alikuja na neno jipya, mwekezaji. Mmoja wao alikuwa amekodi ardhi chini kidogo, mahali ambapo migomba inaisha na joto linaanza, akajenga mabanda marefu ya nailoni. Kila asubuhi trela la trekta lilipita barabara ya chini kutuchukua, wasichana tu, kila mmoja na aproni yake ya kijani kwenye mfuko. Kijijini tulijulikana kama wasichana wa maua. Watu walidhani tunashinda kwenye bustani ya harufu nzuri, tunachuma na kunusa. Mjomba wangu mmoja alinionya nisije nikazoea kazi laini nikashindwa kubeba majani ya ng'ombe.

Jambo ambalo kijijini halikujulikana ni kwamba lile shamba halikuwa na ua hata moja. Tulikuwa tunakuza krisantemu, ambalo sisi tulilikata jina tukaliita krisanti, ndugu wa alizeti na wa pareto kama ukilichunguza vizuri, maana kila unachokiita ua kwake ni mkusanyiko wa viua vidogo mamia vilivyobanana pamoja. Lakini mwekezaji hakuuza maua. Aliuza vipandikizi, yaani vile vichwa vichanga vyenye majani mawili matatu, ambavyo vilipakiwa kwenye maboksi na kupanda ndege kwenda Ulaya, ambako wanunuzi waliviotesha wenyewe. Sisi tulitunza mimea mama. Kila ilipochipua tulikata kichwa, ikachipua pembeni, tukakata tena, wiki hadi wiki, na mmea mama haukupewa nafasi ya kufika popote. Kitumba cha ua kikionekana kwenye tuta, msimamizi aliitwa mbio, maana mmea uliofikia kutaka kuchanua hautoi tena kipandikizi cha maana. Nilikuwa nimeshafanya kazi miezi saba kwenye shamba la maua na sijawahi kuona ua.

Sikumwambia mama hivyo. Nilikuwa naona aibu, nadhani, kwa sababu alijivuna sana. Sasa Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa nane jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilikutana nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mtori wa ndizi, na mlango wa jikoni ulikuwa haufungi vizuri, hivyo kila kilichosemwa barazani nilikisikia. Wanawake walikuwa wanagawana majukumu ya Krismasi. Krismasi ya kwetu si ya mchezo. Wachagga wote waliotawanyika, wa Dar, wa Mwanza, wa Tarakea wanaofanya biashara na Kenya, wote wanapanda mlima kurudi nyumbani, na kanisa linajaa mpaka watu wanasimama kwenye majani. Kwa miaka mingi altare ilipambwa kwa maua ya plastiki yaliyoletwa na watoto wa Mama Melkiori, mwenyekiti wetu, na kila mwaka alituambia yametoka duka gani. Mama hakuwahi kuwa na kitu cha kuchangia zaidi ya ndizi. Nikamsikia anakohoa kidogo, kisha anasema taratibu, "Mwaka huu maua ya altare niachieni mimi. Anje wangu yuko kwenye maua." Mama Melkiori akasema aika, asante ya kwetu, kwa sauti ya mtu anayesubiri kuona. Mimi nikaacha mtori ukashika chini ya sufuria.

Kufikia hapo ningeweza kutoka jikoni nikasema ukweli. Badala yake nilifanya ujanja. Kesho yake nilificha vipandikizi kumi vya kutupwa ndani ya kilemba changu, nikapita getini kichwa kikiwasha, nikavipanda nyuma ya nyumba chini ya migomba. Kwetu kila kitu kinapandwa chini ya migomba, kahawa, magimbi, maharage, na kila kitu kinawekewa samadi ya ng'ombe, kwa hiyo sikufikiria mara mbili. Vinne vilikufa kwa kuungua na samadi mbichi. Sita vilivyobaki, kabla ya kufika urefu wa kidole, vikatoa vitumba, na baada ya wiki kadhaa vikachanua viua vidogo vya rangi ya maziwa yaliyoharibika, kila kimoja sawa na kifungo cha shati. Mama aliinama akaviangalia. Akauliza kwa upole kama haya ndiyo wazungu wanayoyapandia ndege.  Kule shambani mmea huohuo ulifika magotini na haukutaka kuchanua, na kwetu ulichanua kabla ya kukua.

Siku iliyofuata nikamwendea Dada Fausta wakati wa chakula. Alikuwa msimamizi wa banda letu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, wazazi wake walitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini ya mji, naye alizaliwa hukohuko kambini. Tulidhani hajui Kichagga hata salamu, tukawa tunamsengenya mbele yake kwa lugha yetu mpaka siku alipotujibu kwa Kiswahili kitu tulichokuwa tumesema. Tulikaa kwenye benchi na sahani zetu za makande. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, inakuwaje krisanti ikipandwa nyumbani kwa mtu inachanua ikiwa fupi. Alitafuna punje mpaka zikaisha.

"Umeyapanda wapi, Anje?"

Nikamweleza yote, hadi kilemba na Mama Melkiori. Nilitegemea nifukuzwe siku ileile. Dada Fausta alinifokea kwanza, na ilikuwa haki yake, akasema mara nyingine nikitaka takataka niombe takataka. Halafu akasogeza sahani, akafanya kitu ambacho hakuna mkubwa yeyote alikuwa amewahi kunifanyia kazini. Akanieleza kwa nini. Akasema krisanti inahesabu giza. Usiku ukiwa mrefu inaona wakati wa kuchanua umefika, na huku kwetu usiku ni mrefu mwaka mzima, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Ndiyo maana kule kwenye mabanda kuna zile globu zilizoning'inia juu ya matuta, zinawaka usiku kuidanganya kwamba bado mchana. Nilikuwa nimeziona globu zile kila siku na nilidhani ni za walinzi. "Ukitaka iwe ndefu, ipe mwanga jioni mwezi mzima," akasema. "Ukitaka ichanue, inyime. Wiki saba hadi nane za giza, tisa ukiwa na bahati mbaya. Hakuna njia ya mkato." Akahesabu kwa vidole vyake vyenye madoa ya kijani. Mwezi wa kumi wa mwanga, wa kumi na moja na wa kumi na mbili wa giza. Krismasi ilikuwa inafikika, kwa kubanabana.

Jumamosi aliniandikia karatasi ya getini, nikatoka kichwa juu na mfuko wa vipandikizi vilivyokataliwa kwa kuwa vimepinda. Safari hii nilifanya kama alivyonielekeza. Nilichovya vitako vyake kwenye unga wa dawa ya mizizi aliouweka kwenye kiberiti, nikavichomeka kwenye karai la mchanga wa mtoni uliochemshwa, nikafunika kwa nailoni, nikaweka barazani kwenye kivuli. Baada ya wiki mbili vilikuwa na ndevu nyeupe chini. Tuta nililiandaa mbali na kivuli, kwa samadi ya zamani iliyokwisha kuwa udongo, na ili jua lifike, mama alilazimika kukata migomba miwili. Kumwambia mwanamke wa kwetu akate mgomba wenye mkungu ni kumuomba jambo kubwa. Alisimama na panga muda mrefu, akaukata wa kwanza, akasema mtori wa mkungu mchanga nao huliwa, akaukata wa pili. Miche ilipotoa majani sita niliivunja vichwa ili itawanyike. Mama aliziba macho kwa kanga.

Sasa mwanga. Umeme ulikuwa bado haujafika kwetu, na taa ya chemli haitoshi kudanganya mmea. Tulikuwa na karabai moja, ya kupampu, ambayo ilikuwa inawashwa wageni wakija. Mama aliitoa sebuleni akaining'iniza kwenye mti uliochomekwa katikati ya tuta, na kuanzia jua linapozama mpaka saa nne familia nzima ilihamia nje, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa gizani ndani wakati mwanga upo kwa maua. Tulikula kiburu cha ndizi na maharage kwenye vigoda, sahani kwenye magoti, wadudu wakizunguka taa, na majani ya migomba yakionekana ya kijani kuliko mchana. Oktoba ni mwezi wa rozari. Jumuiya ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba kila jioni, lakini ilipofika zamu yetu wanawake waliona raha ya kusali mahali unapoona kitabu cha nyimbo, na wakakataa kuondoka. Kesho yake wakarudi. Mama Melkiori akatangaza kwamba kila nyumba ilete mafuta ya taa kidogo. Baada ya sala walikaa wakazungumza, na mimi nikisafisha magugu niliyasikia mengi ambayo msichana asiyeolewa hakutakiwa kuyasikia, juu ya waume, na juu ya padri mmoja wa zamani aliyependa pombe ya mbege kuliko mahubiri. Sijawahi tena kuwa na mwezi wa furaha kama ule.

Mwanzoni mwa Novemba maagizo ya Ulaya yaliongezeka, tukaambiwa tulale bwenini shambani mwezi mzima. Asubuhi nilipoondoka nilimwambia mama kwamba kuanzia leo karabai isiwashwe tena. Nilimwambia nikiwa nafunga viatu, trekta linapiga honi. Sikumweleza kwa nini. Dada Fausta alikuwa amekaa na mimi sahani yake ikapoa, na mimi mama yangu nilimpa amri kama nilivyozoea kupewa na wakubwa wengine. Nilikuwa mtaalamu tayari, unaona. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu hapo kuliko jambo jingine lolote la ujana wangu.

Niliporudi wiki ya kwanza ya Desemba niliiona mimea kabla sijaiona nyumba. Ilikuwa inafika kiunoni, minene, ya kijani kibichi, na mama alikuwa amesimama pembeni yake anatabasamu kwa kiburi. Nikapiga magoti, nikapekua mche mmoja, wa pili, wa kumi. Hapakuwa na kitumba hata kimoja. Juu yangu karabai ilikuwa inaning'inia, kioo chake kina masizi mapya.

Nikamuuliza mama kama aliiwasha. Akasema kila siku, na tabasamu likaanza kumtoka taratibu. Novemba ni mwezi wa marehemu, akasema, jumuiya wanasali kila jioni, na wamezoea hapa. Nikamkumbusha kwamba nilimwambia azime. Akajibu kwamba maua yalikuwa yanapendeza chini ya taa, kila siku yanaongezeka, angewezaje kuamini kwamba kitu kilichoyakuza ndicho kinachoyazuia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ningewaambia marehemu wasubiri maua?"

Nilitaka kukasirika na nikashindwa. Nilikaa chini kwenye udongo, mama akakaa karibu yangu, na hapo ndipo nilipomweleza, nikiwa nimechelewa mwezi mzima, habari ya giza na wiki nane. Alisikiliza mpaka mwisho. Akahesabu mwenyewe kwa vidole, akafika mwishoni mwa Januari. Wakati huo wageni wote watakuwa wamesharudi Dar na shule zimefunguliwa. Mama alikuwa ameahidi mbele ya watu, na altare ya Krismasi ingebaki na plastiki, na mlima mzima ungekuwa pale kuiona. Nilimwona akizeeka kidogo mbele yangu. Akainuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, ambako mimea ya masale imepandwa, akachuma jani moja, akalifunga fundo. Kwetu ukimpelekea mtu isale lililofungwa unamuomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kukataa. Kwa kawaida hupelekwa kwa mambo mazito, mipaka iliyosogezwa, watoto waliopigwa. Mama alilipeleka kwa Mama Melkiori kwa ajili ya maua, nami nikamfuata nyuma nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mama Melkiori alilipokea kwa mikono miwili, akatusikiliza, akataka arudiwe habari ya giza. Halafu akauliza kama mafuta yaliyowashwa wiki za mwisho nayo yalichangia kosa. Mama akasema ndiyo, hayo hasa. Mama Melkiori akalitazama lile isale, akacheka mpaka akakaa chini. Yale mafuta alikuwa ameyaleta yeye, dumu zima, kutoka kwa mwanawe wa Sanya Juu, ili mwanga usikatike. Akalichana jani vipande viwili, akampa mama kimoja. Hawakuwa marafiki kabla ya siku ile, na tangu hapo hawakuachana.

Krismasi ilikuja na plastiki yake. Kanisa lilijaa, wa Dar wakiwa na nguo mpya na simu zao kubwa zisizoshika mtandao, na binamu yangu mmoja akaniuliza kwa sauti maua yangu yako wapi. Mama aliimba kuliko watu wote. Jioni hatukuwasha karabai. Jumuiya walisali ndani kwetu kwa chemli, wamebanana, na mlango ulifungwa vizuri ili hata mstari wa mwanga usitoke nje. Kila mmoja alikuwa amepata habari sasa, na nilimsikia bibi mmoja wa miaka themanini akimkaripia mwenzake asipite karibu na tuta na tochi. Baada ya mwaka mpya magari yalianza kushuka mlima moja moja. Vitumba vya kwanza vilionekana wiki ileile. Niliwaita wanawake wote, nikawaonyesha na kuwaeleza kwa nini tunaondoa vya pembeni na kubakiza cha juu, ili nguvu yote iende kwenye ua moja. Walifanya kazi hiyo asubuhi nzima wakiwa na vidole vyepesi kuliko vya wasichana wa shambani.

Jumapili ya mwisho ya Januari kanisa lilikuwa nusu. Walikuwepo wazee, wanawake wa kihamba, watoto wasiosoma shule za bweni, na Dada Fausta, ambaye alikuwa amepanda mlima kwa miguu tangu alfajiri ili aone krisanti ikiwa imechanua, maana miaka yake yote minne ya kazi hakuwahi. Altare ilikuwa nyeupe. Maua yalikuwa makubwa kama sahani za chai, zaidi ya themanini, na harufu yake kali kidogo ilifika hadi kwenye benchi za nyuma. Wakati wa matangazo katekista alisema angependa kujua nani ameleta maua, kwa kuwa si sikukuu yoyote. Mama akasimama. Alikuwa hajawahi kusimama kanisani kuongea. Aliangalia zile benchi tupu ambako wa Dar walikuwa wamekaa, kisha akawaangalia waliobaki mlimani, na mimi nikaanza kulia kabla hajafungua mdomo.

"Nilisema yatakuja," mama akasema, akakaa.